Kitabu Kisicho na Mtihani

Mtoto anayesoma shule katika mtaa wa Mbugangari, mjini Gisenyi, wilaya ya Rubavu, huishi katikati ya lugha nne. Nyumbani hulelewa kwa Kinyarwanda. Sokoni na katika njia ya mpakani, ambako nyumba za Gisenyi na za Goma zinatazamana, husikia Kiswahili, ambacho wakazi wa pande zote mbili wamekitumia kwa biashara na kwa udugu tangu zamani. Wazee waliopata elimu katika miaka iliyopita humsomea Kifaransa. Darasani hufundishwa kwa Kiingereza, kwa kuwa serikali ya Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba lugha hiyo iwe ndiyo ya kufundishia, na mwaka 2019 uamuzi huo ukafikishwa hadi darasa la kwanza la shule ya msingi. Nacho Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017.

Huo ni utajiri, na wageni wengi wangeuonea wivu. Hata hivyo, ukiutazama mkoba wa mtoto huyo, aghalabu utakuta ndani yake vitabu vya aina moja tu: vitabu vya kiada, ambavyo kila sura yake humalizikia kwa maswali. Kila ukurasa anaousoma humdai kitu. Husoma ili ajibu, hujibu ili apewe alama, hupata alama ili avuke mtihani wa taifa. Siku mtihani unapokwisha, deni limekwisha, na kitabu hufungwa. Mtoto huyo amejifunza kusoma, lakini hajawa msomaji, na kati ya mambo hayo mawili pana umbali mkubwa.

Mtu ambaye kazi yake ni kumvusha mtoto umbali huo ni mkutubi wa shule, yaani mwalimu au mtumishi aliyekabidhiwa maktaba, kabati la vitabu, au hata sanduku moja la vitabu lililo pembeni mwa chumba cha walimu. Jambo hilo linawahusu sana wasikilizaji walio katika jeshi na polisi. Kwanza, wengi wao ni wazazi wanaohamishwa kituo hadi kituo, na watoto wao hubadilisha shule, walimu na marafiki pamoja nao. Mtoto wa namna hiyo huhitaji rafiki asiyeachwa nyuma lori linapoondoka. Pili, kazi ya ulinzi na usalama inadai akili inayojua kupima maneno kabla ya kuyaamini, na akili hiyo huanza kujengwa mapema, kwa njia ambazo mara nyingi hazionekani.

Ni nini hasa anachofanya mkutubi anapompendekezea mtoto kitabu cha kujiburudisha? Wengi hudhani kwamba kazi yake ni kulinda vitabu visipotee, kuandika majina katika daftari la kuazimia na kudai vilivyochelewa. Hayo yote ni ya lazima, lakini ni ulinzi wa ghala tu. Mwalimu wa hesabu wa India, S. R. Ranganathan, ambaye baadaye alikuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, aliandika mwaka 1931 kanuni tano za maktaba zinazofuatwa hadi leo. Maana yake kwa ufupi ni kwamba vitabu viliwekwa ili vitumike. Kwamba kila msomaji anacho kitabu kinachomfaa, na kila kitabu kinaye msomaji wake. Kwamba muda wa msomaji usipotezwe. Na kwamba maktaba ni kitu kinachokua. Mkutubi, basi, ndiye anayewakutanisha wawili wasiojuana.

Ili aweze kuwakutanisha, hana budi kuwajua wote wawili. Sharti la kwanza ni kwamba awe amekisoma kitabu mwenyewe, tena amekipenda. Watoto hutambua upesi sana mtu anayesifu kitabu asichokijua, kama vile kuruta anavyomtambua mkufunzi anayefundisha silaha asiyoizoea. Sharti la pili ni kwamba amuulize mtoto maswali ya kirafiki: ni hadithi gani iliyokuchekesha, mchezo gani unaoupenda, jambo gani ungependa kulijua lakini hujapata wa kumwuliza? Majibu hayo yana faida kuliko kujua tu kwamba mtoto yuko darasa la tano.

Sharti la tatu ni kumpa nafasi ya kuchagua. Mkutubi hodari haweki mkononi mwa mtoto kitabu kimoja kama mtu atoaye amri. Humwekea mezani viwili au vitatu, humweleza mwanzo wa kila kimoja bila kumfunulia mwisho, kisha humwacha. Ipo pia njia rahisi ya kupima ugumu wa kitabu, inayotumika katika shule za nchi nyingi: mtoto hufungua ukurasa wowote na kuusoma, akikunja kidole kimoja kila anapokutana na neno asilolijua. Vidole vyote vitano vikikunjwa kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho bado ni kizito kwake, na si aibu kukirudisha kwa sasa.

Sharti la nne huwatatiza walimu na wazazi wengi: mtoto awe na ruhusa ya kukirudisha kitabu bila kukimaliza, na asiulizwe maswali ya mtihani. Mwandishi wa Ufaransa Daniel Pennac, ambaye alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi, alitoa mwaka 1992 kitabu kuhusu jambo hili, na humo akaorodhesha haki za msomaji, zikiwamo haki ya kuruka kurasa, haki ya kutomaliza kitabu, na hata haki ya kutosoma kabisa. Wako waliocheka. Lakini Pennac alikuwa ameona darasani kwamba kijana anayelazimishwa kupenda kitabu hukichukia, na akikichukia kimoja huviogopa vingine. Katika jambo hili amri haifai. Askari anaweza kuamriwa kukimbia, naye akakimbia. Hawezi kuamriwa kufurahi.

Hapo huulizwa swali la haki: je, starehe hiyo ina faida gani kwa nchi yenye mahitaji mengi kama Rwanda? Mwaka 2000 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, lenye makao yake Paris, lilipima uwezo wa kusoma wa vijana wa miaka 15 katika nchi nyingi, likawauliza pia kama husoma kwa hiari yao na husoma vitu gani. Ilionekana kwamba vijana waliotoka katika nyumba za wazazi wenye kazi za chini, lakini waliopenda kusoma sana, walipata alama za juu kuliko vijana wa wazazi wenye vyeo vikubwa ambao hawakupenda kusoma. Maana ya matokeo hayo ni nzito. Mtoto wa koplo aliyepata kitabu anachokipenda anaweza kumtangulia mtoto wa tajiri aliyezungukwa na vitabu asivyovigusa.

Sababu yake si ya ajabu. Kusoma ni ustadi kama ustadi wa kulenga shabaha au wa kuendesha gari. Mwanzoni akili yote hushughulika na herufi na silabi, na hakuna nguvu inayobaki kwa ajili ya maana. Baada ya mazoezi mengi, herufi hujisoma zenyewe, na akili huwa huru kufikiri, kutilia shaka na kulinganisha. Mazoezi hayo huhitaji maelfu ya kurasa, na kitabu cha kiada peke yake hakiwezi kuzitoa. Anayeweza kuzitoa ni hadithi tamu inayomfanya mtoto asikie akiitwa kula na aombe dakika tano zaidi.

Majeshi yaliwahi kulitambua jambo hili kwa vitendo. Katika Vita Kuu ya Pili, wakutubi wa Marekani waliongoza kampeni ya kuwakusanyia askari vitabu kutoka kwa raia. Vingi vilivyokusanywa vilikuwa na majalada mazito yasiyofaa kubebwa vitani. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1943 hadi 1947 baraza la wachapishaji, likishirikiana na jeshi, lilichapisha vitabu vyembamba vya karatasi nyepesi, vilivyopimwa ili viingie katika mfuko wa sare ya askari. Vilitolewa vitabu vya majina 1,322, na jumla ya nakala ilikaribia milioni 123. Askari waliokuwa wakingoja kuvuka bahari kwenda Normandy mwezi Juni mwaka 1944 waligawiwa vitabu hivyo pamoja na mahitaji yao mengine.

Inafaa kuangalia ni vitabu gani vilivyochaguliwa. Havikuwa vya mafunzo ya kijeshi wala vya hotuba. Zilikuwamo hadithi za kuchekesha, za wachunga ng'ombe, za upelelezi na za mapenzi, pamoja na mashairi na historia. Riwaya moja ya F. Scott Fitzgerald, The Great Gatsby, iliyotoka mwaka 1925, ilikuwa karibu kusahauliwa mwandishi wake alipofariki mwaka 1940. Katika mpango huo ilichapishwa nakala zipatazo 155,000 za kugawiwa askari, na leo ni miongoni mwa riwaya zinazofundishwa zaidi katika shule za Marekani. Hivyo ndivyo pendekezo linavyoweza kufufua kitabu na kumpa askari wa lindo jambo la kufikiria.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake. Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilisambaza masanduku ya vitabu vya kuazimwa hadi mahali ambapo hapakuwa na maktaba. Nchini Kenya, tangu mwaka 1996, huduma ya maktaba ya taifa imewapakia ngamia masanduku ya vitabu na kuwapeleka kwa wafugaji wa Garissa, kwa sababu gari halifiki kila mahali na mfugaji hakai pamoja. Nchini Rwanda, baada ya maangamizi ya mwaka 1994, kampuni ya uchapishaji ya Bakame, iliyoanzishwa mwaka 1995 na iliyopewa jina la sungura mjanja wa hadithi za Kinyarwanda, ilianza kuwatolea watoto vitabu vya hadithi katika lugha ya mama zao. Mwaka 2012 ilifunguliwa maktaba ya umma mjini Kigali. Kazi iliyobaki ni kuufikisha mwenendo huo katika mitaa kama Mbugangari, ambako mtoto hawezi kupanda basi kwenda mji mkuu kila anapotaka hadithi.

Mkutubi wa Mbugangari angewapendekezea watoto wake nini? Jambo la kwanza ni lugha. Kitabu cha kujiburudisha kinafaa kianze katika lugha ambayo mtoto huchekea. Mtoto wa darasa la tatu apewe hadithi za Kinyarwanda, na yule ambaye nyumbani kwao Kiswahili ndicho kinachotawala jikoni na barazani apewe Hekaya za Abunuwasi, ambazo zimewachekesha watoto wa mwambao na wa bara kwa vizazi kadhaa. Uzoefu alioupata katika lugha moja haupotei anapohamia nyingine. Mtoto aliyezoea kufuata hadithi ndefu kwa Kiswahili huwa amekwisha kujifunza subira ya kusoma, na huivukisha hadi kwenye Kiingereza cha darasani.

Kwa vijana wa sekondari, hasa wale wanaoota kuvaa sare ya polisi, iko riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la Idara ya Vitabu na kuchapishwa mwaka 1960. Ndani yake Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni, anachunguza mauaji yaliyofunikwa na hofu ya mizimu. Wengine wakitetemeka na kunong'ona, yeye huuliza nani alikuwa wapi, lini, na kwa nini. Kijana anayeisoma kwa ajili ya raha hujikuta amejifunza, bila kufundishwa, kwamba uvumi si ushahidi. Wako pia waandishi kama Shaaban Robert, ambaye katika Kusadikika, riwaya fupi iliyotoka mwaka 1951, aliitumia nchi ya kubuni kuonyesha namna mtu mmoja anavyoweza kujitetea mbele ya baraza kwa hoja.

Kwa wale wanaosoma Kifaransa, mkutubi angeweza kuwapa Petit Pays cha Gaël Faye, kilichotoka mwaka 2016 na kupata tuzo ya Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa. Kinasimulia maisha ya mvulana mjini Bujumbura katika miaka ya 1990, vita vinapokaribia. Rafiki zake wanavutwa na magenge na silaha. Jirani yake, mama wa Kigiriki, anaanza kumwazima vitabu kimoja kimoja na kumwuliza alivyoviona. Mama huyo hana cheo wala mamlaka. Anayo rafu ya vitabu na masikio ya kusikiliza. Lakini katika mtaa ambao kila mtu anamtaka mvulana achague upande, vitabu vyake vinampa mahali pa tatu pa kusimama.

Bila shaka kuna wazazi wanaohofu kwamba mkutubi anaweza kumpa mtoto kitabu kibaya. Hofu hiyo si ya kubezwa. Euphrase Kezilahabi alipotoa riwaya yake Rosa Mistika mwaka 1971, ilikatazwa shuleni Tanzania kwa sababu ya namna ilivyosema waziwazi juu ya mambo ya wasichana na wanaume. Baadaye riwaya hiyohiyo ilikubaliwa na kufundishwa, kwa kuwa ilionekana kwamba ilikuwa ikiwaonya vijana juu ya hatari waliyokuwa wakiishi nayo. Fundisho lake ni kwamba umri una maana, na mkutubi lazima ajue kitabu gani ni cha nani na cha wakati gani. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kudai kwamba awe amesoma kabla ya kupendekeza.

Lakini iko hatari iliyo kubwa kuliko hiyo, na Gisenyi inaijua. Hassan Ngeze, mzaliwa wa eneo la Rubavu, alikuwa mhariri wa gazeti la Kangura, lililoanza kutoka mwaka 1990 na kueneza chuki dhidi ya Watutsi. Mwaka 1993 kituo cha redio cha RTLM kikaanza kutangaza chuki hiyohiyo hewani. Mwaka 1994 yakafuata mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo kwa hesabu ya serikali ya Rwanda yaliua zaidi ya watu milioni moja. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia Ngeze hatiani mwaka 2003, na baada ya rufani ya mwaka 2007 akahukumiwa kifungo cha miaka 35.

Ingekuwa uongo kusema kwamba kusoma peke yake kungalizuia msiba huo. Walioandika maneno ya sumu walijua kusoma na kuandika, na baadhi ya walioyapanga mauaji walikuwa na shahada. Mtu anaweza kusoma sana na bado akawa mtumishi wa uovu. Jambo linaloweza kusemwa kwa hakika ni dogo zaidi, lakini lina uzito: gazeti la chuki hustawi zaidi mahali ambapo hakuna karatasi nyingine ya kulinganisha nalo, na sauti moja hutawala zaidi palipo na watu wasiozoea kuuliza sauti nyingine inasema nini. Mtoto ambaye mkutubi wake alimpa vitabu vitatu achague, akakipenda kimoja na kukikataa kingine na kueleza sababu zake, amefanya zoezi dogo la kupima maneno. Akilifanya mara mia kabla ya kumaliza shule, si rahisi ashikwe na karatasi ya kwanza atakayopewa.

Kwa askari na polisi wa leo, hasa walio zamu katika miji ya mpakani, faida ya zoezi hilo haihitaji maelezo marefu. Mlima wa Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei mwaka 2021, maelfu ya watu wa Goma walivuka kuingia Gisenyi, na mitetemeko ya ardhi ikafuata kwa siku kadhaa na kubomoa nyumba. Katika saa kama hizo simu huleta habari za kweli na za uongo kwa mwendo mmoja. Mwananchi anayejua kuuliza nani kasema, ameona au amesikia, hupunguza kazi ya askari. Askari anayejua kuuliza hivyo huokoa maisha.

Ni dhahiri, basi, kwamba mkutubi wa shule anastahili heshima na msaada, ijapokuwa mara nyingi yeye ni mwalimu aliyeongezewa kazi ya maktaba juu ya vipindi vyake. Mambo ya kumsaidia hayahitaji fedha nyingi. Shule inaweza kumpa saa moja kwa juma isiyo na somo jingine, ili asome na kuwasomea watoto kwa sauti. Kabati linaweza kufunguliwa badala ya kufungwa kwa kufuli, kwa maana kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake, ilhali kilichobaki kipya miaka kumi kimepoteza gharama yake. Wanafunzi wakubwa wanaweza kuandika mistari michache juu ya kitabu walichokipenda na kuibandika ukutani, kwani neno la mwenzao huwavuta wadogo kuliko neno la mkuu wa shule.

Kambi na vituo vya polisi navyo vina nafasi yao. Rafu moja katika bwalo, yenye vitabu ishirini vya Kinyarwanda na Kiswahili, inatosha kuanzia. Na askari aliyekimaliza kimoja akampendekezea mwenzake kwa nini alikipenda, tayari amekuwa mkutubi. Mzazi arudipo nyumbani kutoka doria, mbali na kumwuliza mwanawe amepata alama ngapi, amwulize pia ni kitabu gani anachokisoma ambacho hakuna aliyemwamuru kukisoma. Mtoto asipokuwa na jibu, ulizo hilo lipelekwe shuleni kwa upole, kwa sababu huko yuko mtu ambaye kazi yake ni kulijibu.